Manivele Fupi ya Mama Riziki

Nilianza kazi siku ya Lundi, Jumatatu, saa tisa kasoro robo ya muchana, nikiwa bado nimevaa jupe ya buluu, sketi ya masomo. Ninajua saa kwa sababu redio ya Papa Sadiki, fundi wa kinga, zile baiskeli, ilikuwa inaitangaza, na yeye akaijibu redio: "Tumesikia." Kisha akaangalia mikono yangu, hakuangalia uso, akanipa kle, spana, na kuniambia: "Toa pedale ya kushoto."

Salamu ilikuwa njo hiyo.

Solange na Amani, ninawaandikia nyinyi muliobaki Lushebere mu ateliye, mukitengeneza kinga za watu. Mimi sasa niko Bweremana kwa shangazi, kumaliza mwaka wa sita wa humanite, wa mwisho wa sekondari, na dirisha la chumba changu linaangalia ziwa, kitu ambacho sijazoea bado. Siku ya mwisho Amani aliniita Mustaafu, na Solange akaitikia kama watu wanavyoitikia mu misa. Sawa. Nina miaka kumi na saba na nimestaafu. Nasikia watu wakistaafu wanaandika namna walivyopandishwa cheo. Mimi nilianza ku kigoda kilicho karibu na mulango na niliishia ku kigoda kile kile, kwa hiyo sehemu hiyo tumeimaliza. Munajua pia kwamba kusema mbele ya watu kunanishinda. Ku karatasi mudomo wangu unafunguka kidogo.

Ile pedale ya kwanza niliivuta mpaka jasho likaingia mu macho. Nilikuwa ninaikaza. Papa Sadiki alijua kwamba ninaikaza, lakini alikuwa na muhindi wa kuchoma mu mukono, akautafuna mpaka ukabaki gunzi. Ndipo akasema:

"Ya kushoto inafunguka kinyume, mama."

"Juu ya nini?"

"Juu ukipiga pedale, muzunguko wenyewe unataka kuifungua. Sasa kuko mutu alikaa, akafikiri, akageuza uzi wa skrubu ya upande huo. Ile kitu ilikuwa inafungua, ikaanza kukaza."

Nikamuuliza huyo mutu ni nani. Akasema hamujui, lakini siku akipita Lushebere atamupa chai.

Jioni ile nilikula maharagi bila kusikia chumvi yake. Wakati huo tulikuwa tumefika kutoka Mweso, mama yangu na sisi watoto, tukilala mu nyumba ya watu, na kila kitu nilichokijua kilikuwa kimebaki kule. Nikawa ninafikiria mutu mumoja, mahali pamoja, amekaa na kufikiria pedale ya kushoto ya watu ambao hatawaona. Kuanzia siku hiyo, masomo yakifungwa saa saba, miguu yangu ilinipeleka ku ateliye yenyewe.

Vyombo munavijua, lakini niandike, kwa sababu vikipotea mutasema havikuwepo. Kle ya kumi na tano. Nyundo yenye mupini wa mukaratusi. Bokse ya klavete, vile visumari vinene vinavyobana manivele, mikono ya pedale, ku chuma cha katikati. Na kile kipande cha muti cheusi ambacho Amani alitaka kuchemshia chai. Si kuni, Amani. Mukitoa klavete, kile kipande kinakaa chini ya manivele kinapokea pigo. Bila hicho, nyundo inapiga bile, zile gololi zilizo ndani, na mwenye kinga anarudi baada ya juma moja akisema mumemuwekea nyenje mu pedale.

Papa Sadiki mwenyewe ni mutu wa Walikale, wa pori. Ujana wake alileta mafuta ya mawese kutoka kule mpaka Masisi, bidon, madumu ya mafuta, huku na huku ya kinga, fimbo imefungwa ku usukani, yeye anatembea pembeni. Anasema kinga ya Walikale hawaipandi, wanaisindikiza kama mugonjwa. Wasukumaji walikuwa wanatoa pedale ya upande wao, na bado manivele tupu iliwapiga muundi kila iliporudi. Ana alama pale hata leo. Mimi manivele nilizifahamu kwa macho. Yeye alianza kuzifahamu kwa mufupa.

Na manivele njo kitu ninachotaka kuwaachia, ule mukono wa chuma unaotoka katikati ya kinga kwenda kushika pedale. Watu wanachagua rangi, wanachagua kengele, manivele hawaiulizi. Geuzeni nyuma yake, futeni matope na petroli kidogo, mutaona namba ndogo karibu na tundu la pedale: 165, 170, 175. Ni milimetre. Isiyo na namba pimeni na rula, kutoka katikati ya tundu moja mpaka katikati ya tundu lingine, si kutoka ncha mpaka ncha. Amani, hapo ninakuangalia wewe.

Kati ya namba moja na nyingine tofauti ni unene wa punje moja ya muhindi. Mwanzo nilifikiri punje ya muhindi haiwezi kumufanya mutu kitu.

Halafu akaja yule muuza fromaji, jibini anazozitoa ku mashamba ya juu. Alifika akitembea kama mutu anayebeba ndoo upande mumoja, na ndoo hakuna. Nyonga ilikuwa inamuuma tangu muvua za mwaka uliopita. Alikuwa amekunywa majani, amechomwa sindano, ameombewa, mwishowe akamuhamisha bibi yake upande wa ukuta kwa kusema anamusukuma mu usingizi. Ku ateliye alikuja kuziba pneu ya gurudumu tu. Papa Sadiki akamuangalia anavyoshuka, akaniambia: "Geuza kinga, magurudumu juu. Zungusha mukono wa kuume, weka alama ku chuma pale unafika. Sasa wa kushoto."

Wa kushoto haukufika ku alama. Ulikosa punje mbili.

Munajua mu soko manivele zinauzwa moja moja, kama viatu vya mitumba vilivyopoteza wenzake. Ya kuume ilikuwa 175, ya kushoto 165. Mwaka muzima mguu mumoja ulizunguka duara kubwa, mwenzake duara ndogo, na nyonga ilikaa katikati ikijaribu kuwapatanisha.

"Punje ya muhindi njo imenitesa?" akauliza.

"Mbili," Papa Sadiki akasema.

Tulimuwekea mbili za 165. Aliporudi alikuwa ananyooka, na kipande cha fromaji mu jani la mugomba kwa ajili yetu. Papa Sadiki alimuuliza: "Na bibi?" Akajibu: "Amekataa kutoka ku ukuta. Anasema njo pazuri." Tukala fromaji. Mimi niliendelea kuangalia zile manivele mbili sakafuni. Ilinishangaza, na bado inanishangaza, kwamba mwili wa mutu unajua kupima hivyo, wakati mwenyewe hajui kama kuna kitu cha kupima.

Kosa lingine ni letu sote watu wa milima. Kila mutu anaomba manivele ndefu. Anasema: mupini murefu wa jembe unachimba, basi mukono murefu unapanda mulima. Papa Sadiki hawapingi, mukono murefu una nguvu kweli. Anawauliza tu: "Na nani anakunja mguu?" Kwa sababu duara ikiwa kubwa, goti linapanda juu zaidi kila muzunguko. Kwa hiyo mukalisheni mutu ku kiti, kinga imesimama ku mawe, muzungushe pedale polepole kwa kurudi nyuma. Angalieni goti lake likiwa juu. Paja likigusa tumbo, ao kiuno kikiyumba kama cha mutu anayevuka mutaro, ile manivele ni ya mutu mwingine. Hata kama namba yake ni nzuri, hata kama amelia.

Kitu kimoja kiko ku ateliye nzima na ku milima yote, hata hatukukiona: kiti chini. Kwetu kiti cha kinga kinakaa chini ili mguu ufike ardhini haraka, kwa sababu ya mitelemko na ng'ombe na mawe. Mutu mwenye kiti juu tunamuita kureri, mutu wa mashindano, tunamungojea aanguke tucheke. Muda wote niliofanya kazi pale, viti nilivyoshusha ni vingi. Cha kupandisha, hakuna.

Sasa ninafika ku Mama Riziki. Mulikuwepo, lakini muzungumuzo wenu wote wa jioni ile ulikuwa juu ya namna nilivyokimbia, kwa hiyo nataka muione vile mimi niliiona.

Mama Riziki ni muzalishaji, mukunga wa kituo cha afya. Anakwenda ku nyumba za juu, kule ambako moto, pikipiki, haipiti, kuwaangalia wamama wenye mimba. Kinga alifundishwa na kaka zake alipokuwa mutoto, na wanaume ku njia walishachoka kumucheka, wakaanza kumupisha. Halafu akaanguka na moto ya mutu mwingine, goti la kushoto likapona vibaya. Linakunja mpaka mahali fulani kisha linasimama, kama mulango uliowekewa jiwe nyuma. Tangu hapo alikuwa anaisukuma kinga na kutembea, na mara ya mwisho alikuta mutoto amezaliwa, bibi wa jirani amekata kitovu na wembe wa kunyolea.

Alifika ku ateliye siku yangu ya mwisho, asubuhi.

"Jambo, Papa Sadiki."

"Jambo sana, Mama Riziki. Goti inasema nini?"

"Inasema hapana." Akakaa. "Muganga wetu ameniambia maneno ya upole, na upole njo uliniogopesha. Anasema: Mama, kesho kuko muzunguko wa juu. Kama huwezi kuupanda na kinga, ubaki hapa unaandika makaratasi, tutatafuta mwenye miguu. Hana ubaya. Lakini mimi siko mutu wa makaratasi. Wamama wa kule juu wananijua sauti. Mwingine akibisha, hawatafungua mpaka mutoto ametoka."

Papa Sadiki alifuta mikono ku suruali. Akanionyesha kinga kwa kidevu.

Amani, wewe njo ulisema: "Mama, chukua chukudu, ile ya mbao ya kusukuma na mguu. Haina manivele, haina maneno."

"Chukudu inashuka, mutoto yangu. Kupanda, unaibeba weye. Nikikupa weye mimba ya miezi tisa na chukudu ku mabega, utazalia mu kona ya kwanza."

Wazee wawili wa ku benchi, wale ambao kinga zao hazijawahi kuwa na ugonjwa, walicheka mpaka mumoja akakohoa. Alipomaliza kukohoa akatoa shauri: "Papa, muwekee ndefu. Kilima inataka ndefu."

"Weye goti yako inafika ku kidevu," Papa Sadiki akamuambia. "Kula muhindi."

Tukaisimamisha kinga ku mawe, Mama Riziki akapanda. Nilizungusha pedale kwa mukono, polepole. Kabla haijafika juu, goti likasimama. Uso wake haukubadilika, lakini aliuma kona ya kitenge chake. Nikaacha pedale.

"Fupi," akasema Papa Sadiki.

Manivele fupi zilikuwa ku ile kinga ndogo ya mutoto iliyoning'inia ukutani bila magurudumu. Manivele zake zilikuwa fupi kuliko za Mama Riziki kwa vidole viwili, na kwa bahati zinakubali klavete za aina moja na zetu. Ya kuume ilikuja na plato yake ndogo, lile duara linalovuta munyororo, lenye meno machache. Mama Riziki akauliza kama mukono mufupi utamunyima nguvu ya kupanda.

"Utanyima," akasema Papa Sadiki. "Lakini hii plato ndogo itarudisha. Pedale itakuwa nyepesi, utazungusha mingi, utaenda polepole."

"Watoto wananingojea miezi tisa. Wataongeza kidogo."

Nilipiga klavete, kipande cheusi kikiwa mahali pake. Nikakata shene, munyororo wenyewe, uwe mufupi. Papa Sadiki alipokuwa anakaza, nilishona pneu ya nyuma iliyochanika pembeni, na uzi wa nailoni, mishono minene kama ya gunia, kiraka kikitokeza nje. Haikuwa nzuri. Ilikuwa imara.

Akapanda tena. Nikazungusha. Goti lilipanda, likapita pale liliposimama mwanzo, nikaanza kufurahi ndani. Halafu likasimama. Kidogo tu kabla ya juu.

Nikarudisha nyuma, nikajaribu tena. Pale pale.

Papa Sadiki aliishika pedale mwenyewe, akaizungusha, ikakataa. Alichuchumaa mbele ya ile manivele kama mutu aliyesahau jina la rafiki yake. Manivele fupi kuliko ile hakuna, si Lushebere, si Masisi. Wazee wa benchi waliangalia njia.

"Bon," Mama Riziki akasema. "Tumeona. Murudishe zangu, niende kutafuta bic ya kuandikia makaratasi."

Hakulia. Akashuka, akafungua kitenge cha pili alichojifunga juu, akakikunja na kukikunja tena, akakiweka ku kiti. Akasema kile chuma cha kiti kimemukula tangu asubuhi, angalau amalizie kukaa vizuri tunapoitoa. Akapanda juu ya kitenge. Mimi nilikuwa ninashika pedale ili niilete mahali pa kufungulia, nikaizungusha bila kuwaza.

Ikapita juu. Ikashuka upande wa pili.

Yeye mwenyewe hakusikia mara moja. Alikuwa anaangalia barabara. Nikazungusha mara nyingine, ikapita, na safari hii akaangalia goti lake kana kwamba mutu amelibadilisha.

"Umefanya nini?"

"Sijafanya kitu, Mama."

"Toa kitenge," akasema Papa Sadiki.

Tukatoa, goti likasimama. Tukarudisha, likapita. Mumoja wa wazee akafanya alama ya musalaba, kidogo, ku kifua tu. Amani, wewe ukauliza kama ile kitenge imeombewa.

Ninajua kwamba nilipaswa kunyamaza, njo tabia yangu. Lakini niliingia ndani, nikachukua kipande cha makaa, nikachora ku ubao wa mulango. Duara kubwa la manivele ndefu. Ndani yake duara dogo la manivele fupi, katikati yao moja. Juu nikapiga musumari kuwa kiti, nikafunga uzi kuwa mguu. Na kidole nilikuwa ninapima tu kile kilichokuwa mbele yangu.

"Papa, angalia. Tulikata vidole viwili. Pedale ikiwa juu, sasa iko chini zaidi na vidole viwili. Goti limepata viwili, si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Lakini pedale ikiwa chini, nayo imepanda vidole viwili. Mguu haunyooki tena. Ona uzi umelegea. Kwa hiyo kiti kinaweza kupanda viwili mpaka unyooke." Nikatoa musumari, nikaupiga juu kidogo. "Sasa rudi kule juu. Kiti kimekwenda mbali na pedale. Goti limepata viwili vingine."

Akaangalia uzi. Akachukua kile kitenge kilichokunjwa, akakibana na mukono, akakipima. Vidole viwili, karibu.

"Tumekata viwili," akasema.

"Limepata vinne."

"Sema tena."

Nikasema tena. Akatoka nje, akasimama na mikono nyuma, akaangalia mulima kwa muda, kisha akarudi.

"Na nani aliweka hiyo mule ndani?"

"Ndani ya nini, Papa?"

"Ndani ya duara."

"Iko tu, Papa. Ilikuwamo."

"Ilikuwamo," akasema. "Na siye tunashusha viti."

Kuipandisha ile nguzo ya kiti kulikula saa nzima. Ilikuwa imeshikwa na kutu tangu kinga inunuliwe, kwa sababu nani angeipandisha. Petroli, nyundo, kipande cheusi, petroli tena. Ilipokubali ililia kama mulango wa kanisa. Na hapo Mama Riziki akaangalia kiti kilivyo juu, akarudi nyuma hatua.

"Nitashuka namna gani? Mguu haitafika chini."

Hatukuwa tumefikiri juu ya hilo. Duara limetoa, lakini limechukua kitu pia. Papa Sadiki akasema kila nyumba ina jiwe ao ukingo, atapandia pale. Kushuka, alaze kinga upande wa mguu muzima, ateleze kutoka ku kiti kabla haijasimama. Wanaume wakubwa wanashuka hivyo mu mbio.

"Siko mwanaume mukubwa mu mbio."

"Neema atakushikia kiti," akasema. Neema ni mimi.

Njo hivyo nilikimbia nyuma ya Mama Riziki mu kiwanja cha kanisa, mbele ya watu wote wa soko la maharagi, jupe mu mukono mumoja na kiti mu mukono mwingine, na wewe Solange ukihesabu kwa sauti kila mara nilipojikwaa. Siku nyingine aibu ingeniua. Lakini nilikuwa karibu na lile goti. Lilipanda, likafika pale pa jiwe, na jiwe halikuwepo. Likashuka. Likapanda tena. Nilisahau kama nina uso.

Mara ya kwanza kushuka akaanguka, upande wa mguu muzima, namshukuru Mungu. Akakaa chini na mavumbi ku kitenge akiangalia pedale inayozunguka peke yake. Mara ya pili akateremuka vizuri, lakini nilikuwa nimeshika kiti. Mara ya tatu nilitaka kuachilia, na muvua ikaanza, ile ya matone makubwa, na kila mutu akakimbia.

Kwa hiyo hatukujua. Hakuwa amepanda hata hatua moja bila mukono wangu. Alikwenda nyumbani akiisukuma kinga mu matope, kiti kimefunikwa na sashe ya plastiki, na ku mulango wa ateliye alimuambia Papa Sadiki: "Kesho njo itasema."

Akanigeukia mimi. "Na weye kesho unaenda."

"Ndiyo, Mama."

"Basi hautaniona nikianguka. Ni vizuri." Akanishika shavu na mukono wenye grisi, grisi yangu mwenyewe.

Muvua ilinyesha usiku muzima. Asubuhi niliamka mbele ya mama, jogoo bado wanabishana, nikaacha begi yangu mulangoni. Kamyo, lori la kunipeleka Bweremana, ilikuwa haijapiga honi. Nikashuka mpaka ku ateliye, imefungwa, halafu nikaendelea mpaka pale njia ya juu inapoanza, pale karibu na ukingo wa majani ambapo inapanda polepole kuelekea ku kona.

Matope yalikuwa laini, muvua imeyafuta yote. Kulikuwa na jiwe kubwa ku ukingo, na juu ya jiwe alama ya kiatu kimoja, matope mabichi. Kutoka pale ulianza mustari wa pneu. Mwanzo uliyumba, ukaenda karibu ya mutaro, ukarudi. Nilichuchumaa. Ndani ya mustari, kila mahali pneu ilipomaliza muzunguko, kulikuwa na alama ya mishono minene, kama ya gunia.

Kinga inayosukumwa inaacha nyayo pembeni. Nyinyi munajua, tunaona kila siku, mustari mumoja na miguu miwili. Nikaangalia upande wa kushoto. Nikaangalia upande wa kuume. Nikatembea nikiangalia mpaka katikati ya mulima, mpaka pale panapoanza kuuma mapaja, pale ambapo hata muuza fromaji anashuka. Mustari ulikuwa umenyooka. Mishono yangu, halafu matope, halafu mishono yangu, halafu matope, mpaka ku kona, na pembeni hakuna nyayo.

Honi ya kamyo ikalia chini. Niligeuka kushuka, nikatembea ndani ya majani yenye maji mpaka ku magoti, ili nisiukanyage ule mustari.